Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya bandari, mazingira na afya: hewa ya Malindi inanuka kiberiti

Malindi, Mji Mkongwe,
Unguja.

Kwa Waheshimiwa mliopewa dhamana ya bandari, mazingira, nishati na afya,
Zanzibar.

YAH: MOSHI WA SALFA UNAOTOKA MELINI NA KWENYE MAJENERETA, NA OMBI LA KUPIMWA HEWA TUNAYOIVUTA

Waheshimiwa,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimesomesha kemia katika skuli za Unguja kwa miaka 31, na nyumba ninayokaa hapa Malindi nimeirithi kwa marehemu baba yangu. Dirisha la ghorofa ya juu linatazama bandarini. Nimeona majahazi, nimeona meli za karafuu, na sasa naona meli za makontena zikisubiri zamu nje, usiku na mchana, taa zikiwaka na injini zikinguruma.

Juu ya jambo hili nimeshaandika barua 3. Ya kwanza niliipeleka kwa mkono wangu, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, nikarudi nyumbani na nakala yangu na matumaini yangu. Miezi 4 ikapita kimya. Ya pili ilijibiwa kwa mstari mmoja, kwamba suala letu linafanyiwa kazi. Ya tatu niliambiwa kwa mdomo kuwa ofisi niliyoiandikia haihusiki, niende nyengine. Nilipofika huko nikarejeshwa kule kule nilikotoka. Sina tena mlango wa kubisha hodi kwa faragha, ndiyo nikaamua kuandika hadharani. Siandiki kumvunjia mtu heshima yake. Baadhi yenu mlikaa mbele yangu darasani, nikakusahihishieni madaftari, na mpaka leo nakuhesabuni kama wanangu.

Nianze na usiku mmoja wa mwezi wa Januari. Kaskazi ilikuwa inavuma, madirisha yako wazi kwa joto, na mjukuu wangu wa miaka 8 alikuwa amelala chumba cha mbele. Kiasi cha saa nane za usiku akaniamsha: "Bibi, nani kawasha kiberiti?" Hakuna aliyewasha. Jiko limezimwa tangu magharibi, udi sikufukiza siku ile. Lakini mtoto alikuwa na haki, harufu ilikuwepo, ile harufu kali inayochoma pua pale njiti inapowaka tu. Haikupita robo saa kifua kikambana. Nikampa pampu yake ya pumu, nikampa tena, kisha tukateremka ngazi amebebwa mgongoni na mjomba wake kwenda kutafuta gari. Hospitali dakta aliuliza nani anavuta sigara nyumbani. Hapana hata mmoja.

Wazee wetu salfa waliiita kiberiti kabla ya njiti za kuwashia moto kupewa jina hilo. Kwa hivyo mtoto aliuliza kwa lugha sahihi kabisa. Alichonusa ni dioksidi ya salfa, gesi inayozaliwa kila penye kuchomwa kitu chenye salfa ndani yake: makaa ya mawe, mafuta mazito ya meli, dizeli chafu, hata mipira ya gari. Duniani inatoka kwa wingi katika vituo vya umeme vya makaa ya mawe, kama vile vya Mpumalanga kule Afrika Kusini, katika viwanda vya kuyeyushia madini, na katika volkano kama Nyamulagira ya Kongo. Hapa kwetu hatuna makaa ya mawe wala volkano. Tuna meli, na tuna majenereta. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mnatafuta moshi mweusi, na gesi hii haina rangi.

Baada ya barua ya pili walikuja vijana wawili wenye adabu zao. Wakasimama juu ya dari yangu kama nusu saa, wakaangalia bomba la meli iliyokuwa gatini, wakaona halitoi moshi mweusi, wakaandika hakuna tatizo. Waheshimiwa, moshi mweusi ni masizi. Una madhara yake, na nguo zetu tunazoanika juu ya dari zinaujua. Lakini dioksidi ya salfa haionekani kwa jicho. Bomba linaweza kuonekana safi mchana kutwa nayo inamwagika tu. Vijana wale hawakuja na kifaa chochote, hata cha kukopa, na walichokitafuta kwa macho hakikuwa kitu cha kuonekana.

Gesi hii huyeyuka haraka kwenye maji, ndiyo maana inakamatwa na pua, koo na njia za hewa zilizolowana, na huko inawasha na kubana. Kwa mgonjwa wa pumu dakika chache zinatosha, hasa akiwa anakimbia au anapanda ngazi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, limeweka kikomo cha maikrogramu 40 kwa mita moja ya ujazo kwa wastani wa saa 24. Kwa dakika 10 tu, kikomo ni maikrogramu 500. Zingatieni hizo dakika 10. Wastani wa mwezi unaweza kuwa mzuri kwenye karatasi, na mtoto akabanwa kifua katika robo saa moja ya upepo mbaya.

2. Meli zilizosimama hazijazima moto.

Watu wengi hudhani meli ikitia nanga imelala. Injini kubwa ndiyo inazimwa, lakini majenereta yake yanaendelea kuzalisha umeme wa taa, pampu, winchi na makontena ya baridi. Zikiwa meli tatu nne zinasubiri zamu, hivyo ni vituo vitatu vinne vya umeme vilivyoegeshwa mbele ya nyumba zetu.

Niruhusuni nipige hesabu, maana ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu. Tangu tarehe 1 Januari 2020, Shirika la Kimataifa la Bahari limeweka kikomo cha salfa katika mafuta ya meli kuwa asilimia 0.5, kutoka asilimia 3.5 ya zamani. Ni hatua kubwa na tunaishukuru. Lakini asilimia 0.5 maana yake ni kilo 5 za salfa katika kila tani ya mafuta, na kila kilo ya salfa ikiungua inatoa kilo 2 za dioksidi ya salfa. Basi tani moja, kilo 10. Dizeli ya barabarani nchi za Afrika Mashariki zimeikubalia kikomo cha sehemu 50 za salfa kwa milioni tangu 2015, yaani tani moja inatoa gramu 100 tu. Mafuta halali ya meli, narudia, halali, yana salfa mara 100 ya yale ya daladala.

Tuseme meli moja inachoma tani 2 kwa siku ikiwa imetulia, nayo iko pale pale kwenye kikomo. Inatoa kilo 20 za gesi hii kila siku. Ili utoe kiasi hicho kwa dizeli ya gari, ungelazimika kuchoma tani 200. Hebu fikirini tani 200 za dizeli zinachomwa kutwa moja baina ya Malindi na Funguni, kama mtu angeruhusu.

Na bandari imekaa kaskazini ya Mji Mkongwe. Wakati wa kusi moshi unakwenda baharini na sisi tunapumua. Kuanzia Disemba mpaka Machi, kaskazi inapovuma, unaingia moja kwa moja Malindi, Kiponda, mpaka vichochoro vya ndani ambako upepo hauna pa kutokea. Mvuvi yeyote wa soko la samaki anaweza kukwambieni hayo bila ya shahada.

3. Nyumba zetu zinaliwa.

Mwaka jana fundi chokaa alikuja kunitengenezea ukuta wa upande wa bandari. Ni fundi wa miaka mingi, baba yake naye alikuwa fundi. Chini ya kipenu, mahali ambapo mvua haifiki, lipu ilikuwa imefanya ukoko mweusi kama wa chungu cha kupikia. Akaubandua kwa ncha ya kisu, akaniwekea kiganjani. Juu mweusi, chini mweupe na laini, ukiusugua kwa kidole unapukutika kama unga wa muhogo. Akaniambia: "Mwalimu, hii si chokaa tena."

Alisema kweli. Wale mliopita mikononi mwangu mtakumbuka jaribio la kipande cha tumbawe na asidi, jinsi kilivyokuwa kikitoa povu mezani na nyinyi mkishangilia. Ukuta wangu unafanya jaribio lile lile polepole. Dioksidi ya salfa ikikutana na unyevu na hewa inageuka asidi ya salfa. Asidi ikikutana na chokaa, na Mji Mkongwe wote ni mawe ya matumbawe na chokaa, inaigeuza jasi. Jasi inachukua nafasi zaidi kuliko chokaa, kwa hivyo inavimba na kubanduka. Na inayeyuka kwa urahisi zaidi, kwa hivyo penye mvua inaoshwa na penye kivuli inashika masizi na kuwa ukoko. Najua chumvi ya bahari na maji yanayopanda ukutani nayo yanatuharibia nyumba, pengine zaidi. Sitaki kuitupia salfa kila ufa wa mji huu. Lakini chumvi ya bahari tumeikuta na hatuwezi kuikataza. Salfa inaletwa, na inaweza kupunguzwa.

Mji huu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000. India wana Taj Mahal, marumaru ambayo kikemia ni ndugu wa tumbawe letu. Mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya nchi ile iliamuru viwanda vya jirani vilivyokuwa vikichoma makaa ya mawe vihamie gesi asilia au viondoke. Hawakungoja jengo lianguke.

4. Majenereta.

Tuliokuwepo baina ya Disemba 2009 na Machi 2010, umeme ulipokatika Unguja kwa kiasi cha miezi mitatu, tunakumbuka vichochoro vilivyogeuka karakana, kila mlango una jenereta na kila mtu ana kikohozi. Waya mpya wa chini ya bahari wa 2013 ulituletea nafuu kubwa. Hata hivyo umeme ukikatika leo, majengo makubwa yanawasha majenereta ambayo mabomba yake yametolewa kwenye kimo cha dirisha la jirani. Dizeli inayouzwa kwa madebe hakuna ajuaye ina salfa kiasi gani. Hilo nalo linapimika.

5. Maji ya kuoshea moshi.

Baadhi ya meli kubwa huruhusiwa kuendelea na mafuta ya salfa nyingi kwa sharti la kufunga mtambo unaouosha moshi kwa maji ya bahari. Gesi haiendi hewani, lakini mitambo mingi ya aina hiyo inayarudisha maji yale baharini yakiwa na asidi na uchafu. Singapore wamekataza umwagaji huo bandarini kwao tangu tarehe 1 Januari 2020. Sisi tuna matumbawe ya Changuu, Bawe na Chapwani mbele ya bandari hii hii, na watu wanaoishi kwa samaki wake. Sijasikia katazo kama hilo hapa.

Najua majibu yatakayokuja, kwa sababu mengine nimeshapewa.

Mtasema bahari ni pana na upepo unachukua. Ndiyo, unachukua. Miezi minne kwa mwaka unatuchukulia na kutuletea sisi.

Mtasema meli ni za wageni na hatuna mamlaka nazo. Lakini chini ya kiambatisho cha sita cha MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi unaotoka melini, meli hutakiwa kuweka hati ya kila mafuta iliyopakia kwa miaka 3, yenye kuonesha kiwango cha salfa, pamoja na sampuli iliyofungwa kwa lakiri kwa muda usiopungua miezi 12. Mkaguzi akipanda melini hana haja ya maabara kuanza kazi yake. Anaomba karatasi. Na Zanzibar ina rejista yake ya meli, kwa hivyo mambo haya si mageni katika ofisi zenu.

Mtasema kisiwa kinakula kwa meli. Hili ni la kweli na sitaki mtu alidharau. Mchele, unga, sukari, saruji, vyote vinapitia gati lile, na mimi siku zote nitakuwa wa mwisho kuomba bandari ifungwe. Ninachoomba kinafanyika kwengine na bandari zao zimejaa. Umoja wa Ulaya tangu 2010 unazitaka meli zinazokaa gatini zaidi ya saa 2 zitumie mafuta yasiyozidi asilimia 0.1 ya salfa. Meli nyingi za kimataifa tayari hubeba mafuta hayo kwa ajili ya bandari zinazoyadai. Kwetu hawayawashi kwa sababu hakuna aliyewaambia wayawashe. Ndiyo, ni ghali zaidi. Lakini yanahitajika kwa siku za kusimama tu, si kwa safari nzima, na kadiri foleni itakavyofupishwa ndivyo gharama hiyo itakavyopungua.

Mtasema wananchi wenyewe wanapika kwa kuni na mkaa. Ni kweli, na moshi wa jikoni unawaumiza mama zetu na binti zetu kila siku. Lakini kuni na mkaa vina salfa kidogo mno. Maradhi yake yanatokana na masizi na monoksidi ya kaboni, ile gesi ya sumu ya jiko la mkaa. Ni vita vyengine, na vinastahiki barua yake. Msivitumie kuifunika hii.

Ninachoomba, Waheshimiwa, kwanza kabisa ni kupimwa. Viko vijirija vidogo vya kupimia gesi hii visivyohitaji umeme wala fundi: vinatundikwa ukutani kwa wiki chache, vinateremshwa, vinapelekwa maabara. Vitundikwe Malindi, Kiponda, Funguni na Forodhani, na viwili vitatu mbali na bandari kwa kulinganisha, msimu wa kaskazi na msimu wa kusi. Vijirija vinatoa wastani tu, kwa hivyo kuwe na kifaa kimoja cha kupima dakika kwa dakika hapa karibu na gati. Na matokeo yabandikwe kwa masheha, kwa Kiswahili, yasifungiwe kabatini. Dari yangu iko wazi kwa kazi hiyo, bure, mchana na usiku.

Pili, kanuni itolewe kwamba meli inayokaa gatini au nangani kwa zaidi ya saa 2 itumie mafuta yasiyozidi asilimia 0.1 ya salfa, na wakaguzi wapewe uwezo wa kupanda melini, kudai hati na kuchukua sampuli. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar, Namba 3 ya 2015, imeshatungwa na Baraza letu. Hatuanzi kutoka sifuri. Katika kanuni hiyo hiyo, umwagaji wa maji ya kuoshea moshi ukatazwe ndani ya bandari na karibu na visiwa vidogo.

Tatu, umeme wa nchi kavu. Boti za abiria zinazolala gatini zinaweza kuchomeka waya na kuzima majenereta yao. Tuanze na hizo, ni ndogo na zinarudi pale pale kila siku. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limejengwa kutoa megawati 2,115 bila ya moshi. Si vyema umeme wa maji uvuke bahari kutufikia, halafu boti iliyofungwa kwenye gati letu ichome mafuta usiku kucha kwa ajili ya taa na mafeni. Na kwa kuwa inazungumzwa bandari mpya ya Mangapwani, nyaya hizo ziwekwe kwenye michoro sasa, kabla ya zege. Watu wa Mangapwani nao wana mapafu.

Juu ya majenereta sina mengi: kila jengo lenye jenereta kubwa lipandishe bomba juu ya mapaa ya majirani, na dizeli ya madebe ichukuliwe sampuli mara kwa mara.

Naomba majibu ya maandishi ndani ya siku 60, yakitaja jina la ofisi moja itakayobeba dhamana ya jambo hili, ili nisitumwe tena baina ya milango miwili. Kaskazi ijayo itakapoanza ningependa kuona angalau kijirija kimoja kimetundikwa. Mjukuu wangu sasa analala chumba cha nyuma, dirisha limefungwa, na feni tunamuwekea umeme ukiwepo. Nakala za barua zangu 3, pamoja na ule ukoko wa ukutani nilioutia kwenye chupa, ninazo nyumbani kwa yeyote kati yenu atakayetaka kuviona. Baada ya alasiri nipo barazani kila siku.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Mkaazi wa Malindi, Mji Mkongwe.

Nakala: Sheha wa shehia yetu, Mwakilishi wa jimbo letu, majirani wote wa Malindi na Funguni.